Nasibu na Zamu: Istilahi za Saketi Zinazohesabu kwa Muda

Mfasiri wa vitabu vya sayansi anapokutana na istilahi za Kizungu zilizotokana na neno la Kigiriki stokhastikos, aghalabu hufungua kamusi, akaona "nasibu", akaendelea na safari yake. Katika takwimu tafsiri hiyo imekwisha kuzoeleka: sampuli nasibu ni ile iliyochaguliwa bila upendeleo, wala hapana mwanafunzi anayepotoshwa nayo. Lakini liko tawi moja la uhandisi wa kompyuta linalobeba jina hilohilo la Kigiriki, na ambalo katika muongo uliopita limefika mahali pa ajabu: baadhi ya saketi zake zinazotumia nishati kidogo kabisa hazina nasibu hata chembe ndani yake. Badala ya kubahatisha, zinapima muda. Kuziita saketi za nasibu ni sawa na kumwita mtu mwindaji kwa sababu babu yake aliwinda.

Makala haya yanaeleza jinsi saketi hizo zinavyofanya kazi, kisha yanapima maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili yake. Kipimo kimechukuliwa mahali mahsusi, nako ni Garbatulla, kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Garbatulla si kitovu cha uhandisi wa saketi. Imechaguliwa, kwanza, kwa kuwa wenyeji wake wengi ni Waborana wa Waso, yaani wa bonde la mto Ewaso Ng'iro, ambao lugha yao ya kwanza ni ya jamii ya Kikushi na ambao Kiswahili kwao ni lugha ya shule, soko na ofisi. Istilahi inayoeleweka na mtu wa hali hiyo pasipo kukimbilia Kiingereza imefaulu mtihani mgumu kuliko ule wa kamati. Pili, ni mahali ambapo watu wamezoea kupanga mambo ya uhai na kifo kwa zamu, kwani ndivyo maji ya mifugo yanavyogawanywa. Na mpango wa zamu, kama itakavyoonekana, unakaribiana sana na hesabu ya saketi hizi.

Namba kama mfuatano

Kompyuta ya kawaida huandika namba kwa nafasi. Katika namba ya biti nane, biti ya mwisho kulia ina thamani ya 1 na ile ya mwanzo kushoto ina thamani ya 128. Utaratibu huo unabana nafasi sana, lakini una udhaifu wake. Biti ya kushoto ikikosewa, namba nzima imeharibika. Na ili kuzidisha namba mbili za namna hiyo hapana budi pawepo mamia mengi ya transista zinazosaidiana kubeba na kujumlisha.

John von Neumann, katika mihadhara yake ya mwaka 1952 huko California iliyochapishwa mwaka 1956, aliuliza jinsi ambavyo kitu cha kutegemewa kingeweza kujengwa kwa viungo visivyotegemeka. Mwaka 1967 Brian Gaines nchini Uingereza na Wolfgang Poppelbaum katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walitoa jibu moja kwa namna ya mashine. Walisema: namba na iandikwe kama uwezekano. Thamani isiwe katika nafasi ya biti, bali katika wingi wa moja miongoni mwa sifuri. Mfuatano huu wa biti nane,

1 0 1 1 1 0 1 1

unasimama badala ya 6/8, kwa kuwa moja zimo sita. Na huu,

1 1 0 0 1 0 1 0

unasimama badala ya 4/8. Sasa biti za mifuatano miwili zipitishwe, jozi baada ya jozi, katika lango la mantiki la NA, ambalo hutoa moja pale tu pande zote mbili zinapokuwa moja. Kinachotoka ni

1 0 0 0 1 0 1 0

yaani 3/8, na 6/8 ikizidishwa kwa 4/8 ni 3/8 hasa. Kazi iliyohitaji mamia ya transista imefanywa na lango lenye transista sita. Aidha, biti moja ikikosewa popote pale, jibu husogea kwa 1/8 tu katika mfuatano huu mfupi, na kwa kiasi kidogo zaidi katika mrefu. Hapana biti iliyo sultani juu ya nyingine.

Mfano huo, hata hivyo, umepangwa ili utoke vizuri. Katika mashine halisi za mtindo wa mwaka 1967, moja na sifuri hutokea kwa kubahatisha, na jibu huwa karibu na kweli bila kuwa kweli yenyewe. Kosa hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha urefu wa mfuatano: anayetaka kosa lipungue mara 10 hana budi arefushe mfuatano mara 100. Kwa thamani ya nusu, ili kosa la kawaida lishuke hadi 1/256 panahitajika biti 16,384. Lango ni dogo, ni kweli, lakini likifanya kazi kwa muda mrefu kiasi hicho nishati yake hujumlika, kama taa ndogo iwashwayo mwezi mzima. Tena hiyo bahati yenyewe haipatikani bure. Lazima pawepo saketi ya kuizalisha, na mara nyingi chanzo hicho cha nasibu ndicho kinachokula sehemu kubwa ya eneo na nishati ya mashine nzima.

Na kuna mtego wa tatu. Mifuatano miwili isipokuwa huru, hesabu huharibika. Nusu ikizidishwa kwa nusu kwa kutumia mfuatano uleule pande zote mbili, lango la NA litarudisha mfuatano huohuo, na jibu litakuwa nusu badala ya robo. Kwa hiyo kila namba inadai chanzo chake cha bahati, na gharama inaongezeka.

Namba kama muda

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama bahati ilikuwa ya lazima. Mwaka 2016 Devon Jenson na Marc Riedel wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba haikuwa ya lazima: kinachotakiwa si kubahatisha, bali ni kwamba kila biti ya mfuatano wa kwanza ikutane na kila biti ya mfuatano wa pili mara moja, wala isizidi. Jambo hilo linaweza kupangwa. Mwaka 2017 M. Hassan Najafi na wenzake wa chuo hichohicho wakaendelea mbele, wakaziacha kabisa biti zilizokatwakatwa. Katika saketi zao namba ni ishara inayowaka na kuzimika kwa mpango usiobadilika, na thamani yake ni sehemu ya muda ambayo ishara inawaka. Ishara inayorudia mwendo wake kila nanosekunde 20 na kuwaka nanosekunde 10 katika kila rudio ni nusu. Ikiwaka nanosekunde 15, ni robo tatu.

Faida ya kwanza ni namna ishara hiyo inavyozaliwa. Kihisio cha joto, cha mwanga au cha kina cha maji hutoa volteji, si biti. Katika njia ya kawaida volteji hiyo hugeuzwa kwanza kuwa namba ya biti, kazi inayokula nishati. Halafu, katika mashine za nasibu, namba hiyo hugeuzwa tena kuwa mfuatano wa kubahatisha. Kwa njia ya muda, volteji hulinganishwa moja kwa moja na wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, linalopanda polepole na kushuka ghafula. Wakati wimbi liko chini ya volteji ya kihisio, ishara inawaka, likivuka, inazimika. Volteji kubwa huwasha kwa muda mrefu, ndogo kwa muda mfupi. Hakuna chanzo cha nasibu wala mgeuzo wa kati. Mwishoni jibu nalo husomwa kwa kukusanya umeme katika kapasita na kuchukua wastani.

Katika majaribio ya kuchakata picha, watafiti hao waliripoti kwamba muda wa kazi ulipungua kwa hadi asilimia 99 na nishati kwa hadi asilimia 98, ukilinganisha na saketi za nasibu zilizotangulia. Yafaa isisitizwe kwamba ulinganisho huo ni na saketi za nasibu, si na kila aina ya kompyuta. Anayehitaji hesabu sahihi hadi tarakimu nyingi hatapata msaada hapa, kwa kuwa kila ongezeko la usahihi linadai muda zaidi, na kingo za ishara haziwi kali kamwe: kuwaka na kuzimika huchukua muda kidogo, na kelele za umeme husogeza kingo hizo huku na huku. Ni ufundi wa mahali ambapo makadirio mema yanatosha na nishati ni haba.

Limebaki swali la uhuru wa ishara. Bahati imeondolewa, basi ni nini kinachozuia nusu kwa nusu kuleta nusu? Jibu ni kwamba ishara mbili zinazozidishwa hupewa urefu wa marudio usio sawa, tena usio na kigawo cha shirika isipokuwa 1. Hapa ndipo msomaji wa kawaida hupotea, na hapa ndipo Garbatulla inapofaa.

Kisimani

Miongoni mwa Waborana kisima si mali ya mwenye nguvu aliyefika kwanza. Hata vile visima virefu vya tula vya kusini mwa Ethiopia, ambako Waborana wa Waso wana asili yao, vina msimamizi wa zamu aitwaye aba herega, ambaye kazi yake ni kuamua kundi gani linywe siku gani na kwa mfuatano gani. Huko Isiolo utaratibu huo umeunganika na mabaraza ya wazee wa malisho, yaani dedha. Utaratibu huu umepata mapigo makubwa. Katika vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 wafugaji wa Waso walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, Garbatulla kikiwa kimojawapo, na mifugo isiyoweza kuhama ilikufa kwa wingi. Lakini mawazo ya zamu hayakufa, na istilahi zake zingali zikitumika.

Wakati wa kiangazi ng'ombe wa Waborana huletwa majini kila siku ya tatu. Tuseme mbuzi wa boma jingine huletwa kila siku ya nne. Makundi yote mawili yakianza siku ya kwanza, ng'ombe watakuja siku ya 1, 4, 7 na 10. Mbuzi watakuja siku ya 1, 5 na 9. Katika siku kumi na mbili watakutana mara moja tu, kisha mpango wote utaanza upya. Ng'ombe wako kisimani theluthi ya siku, mbuzi robo ya siku, na wote pamoja wako siku 1 katika 12. Theluthi ikizidishwa kwa robo ni 1/12. Kisima kimezidisha bila mtu yeyote kuzidisha, na hapana bahati iliyotumika.

Tuseme sasa kwamba makundi yote mawili yana zamu ya siku tatu. Yakianza siku moja, yatakutana kila mara. Yakianza siku tofauti, hayatakutana milele. Jibu haliwi tena zao la mafungu mawili, bali linategemea tu nani alianza lini. Aba herega anaitaka hali hiyo ya kutokutana, kwani msongamano kisimani ni ugomvi. Mhandisi anayezidisha anaikimbia. Yeye anataka zamu za 3 na 4, au za 13 na 20, ili kila hali ya kundi moja ikutane na kila hali ya jingine mara moja katika kigawe kidogo cha shirika, yaani siku 12 au nanosekunde 260.

Si kila mara mhandisi huikimbia, hata hivyo. Ishara mbili zenye zamu sawa na zinazoanza kuwaka pamoja zikipita katika lango la NA, hutoa ile ndogo kati ya hizo mbili. Zikipita katika lango la AU, hutoa iliyo kubwa. Zikipita katika lango linalowaka pale tu pande mbili zinapotofautiana, hutoa tofauti yao. Kwa malango hayo machache inawezekana kupanga thamani kwa ukubwa, kusafisha picha, au kutafuta kingo za vitu ndani ya picha. Kwa hiyo uandamano wa zamu, uliokuwa ugonjwa katika mashine za nasibu, umekuwa chombo.

Wazo la mizunguko miwili inayoteleza mmoja juu ya mwingine si geni kwa Waborana hata nje ya kisima. Asmarom Legesse, katika kitabu chake kuhusu Gada cha mwaka 1973, alieleza kalenda yao ya miezi 12 ya siku 29 au 30, inayokwenda pamoja na majina 27 ya siku. Kwa kuwa majina ni pungufu ya mwezi, kila mwezi mpya huanza na jina lililosogea hatua mbili au tatu, na wajuzi waitwao ayyaantu husawazisha hesabu kwa kutazama mwezi ulivyo karibu na nyota maalumu. Katika Waso, ambako wengi ni Waislamu, kalenda ya ibada ni ile ya Hijra. Pwani nako baharia aliyehesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi, hali juma lake ni la siku saba, alikuwa na mizunguko miwili isiyo na kigawo cha shirika, inayorudi mahali pamoja kila baada ya siku 70.

Mara na muda

Sasa maneno. Kiswahili hutenganisha kwa ukali mambo mawili ambayo mjadala huu wote umesimama juu yake. Swali la mara ngapi hujibiwa kwa mara. Swali la kwa muda gani hujibiwa kwa muda. Pampu iliyowaka mara tatu si lazima iwe imewaka muda mrefu kuliko iliyowaka mara moja. Saketi za mwaka 1967 huweka thamani katika mara: idadi ya moja katika mfuatano. Saketi za mwaka 2017 huiweka katika muda. Lugha ina mpaka tayari mahali penyewe panapohitajika, na ni makosa kuufuta kwa kuzifunika aina zote mbili kwa neno moja la nasibu.

Neno nasibu lenyewe lina historia ya kushangaza. Katika Kiarabu nasib ni fungu, sehemu aliyogawiwa mtu. Kutoka fungu alilopangiwa mtu likaja wazo la majaliwa, na kutoka majaliwa likaja wazo la bahati, ambalo ndilo lililobaki katika Kiswahili na kuoana na mwenzake katika "bahati nasibu". Kigiriki nacho kilienda njia ya kinyume na inayodhaniwa. Stokhos ni shabaha, na stokhastikos ni mwenye ujuzi wa kulenga au kukisia. Hapana kamari ndani yake. Neno la Kiswahili lililo karibu na maana hiyo si nasibu bali kukisia, na kwa saketi za mwaka 1967, ambazo kwa kweli hukadiria, "ukokotozi kwa makisio" ungefaa zaidi. Yeyote anayependelea nasibu kwa saketi hizo hajakosa, mradi aiachie hapo.

Kwa saketi za muda yanahitajika maneno mawili: moja la urefu wa rudio, na moja la sehemu ya rudio ambayo ishara inawaka. Kwa la kwanza wapo wanaopenda kipindi. Kipindi kina ubaya kwamba hakisemi kama jambo litarudi: kipindi cha mvua hurudi, kipindi cha ukoloni kilipita. Mzunguko hurudi, lakini vitabu vingi huutumia kwa saketi yenyewe, hivyo sentensi kama "mzunguko wa mzunguko" zitakuwa karibu. Masafa tayari yamechukuliwa na redio; nalo ni neno lililohama kwao, kwani kwa Kiarabu ni umbali.

Limebaki zamu. Zamu ni muda wenye urefu uliokubaliwa, unaorudi, na ambao ndani yake kuna kazi: zamu ya usiku, zamu ya kuteka maji. Ubora wake hauishii hapo. Mabaharia wa Kiarabu wa bahari ya Hindi, Ahmad ibn Majid wa karne ya 15 miongoni mwao, walitumia neno zam kwa safari ya saa tatu, yaani sehemu ya nane ya usiku na mchana, na umbali kati ya bandari mbili waliutaja kwa idadi ya zam. Kuna sababu nzuri ya kulihusisha neno hilo na zamu ya Kiswahili. Ikiwa uhusiano huo ni wa kweli, basi neno lenyewe lilikwisha fanya kazi inayotakiwa sasa: kutaja kiasi cha kitu kisicho muda kwa njia ya muda.

Pingamizi moja inastahili kujibiwa. Zamu katika matumizi ya kila siku humaanisha kupokezana: mmoja akiingia mwingine anatoka. Katika saketi ishara mbili zina zamu kwa wakati mmoja, wala hazipokezani. Lakini mfano wa kisima unaonyesha kwamba lugha haikatazi jambo hilo. Ng'ombe wana zamu yao, mbuzi wana yao, na siku ya kwanza wote wapo. Kinachopokezana ndani ya zamu moja ni kuwaka na kuzimika.

Kwa neno la pili, fungu latosha: "fungu la zamu". Ishara yenye zamu ya nanosekunde 20 inayowaka nanosekunde 15 ina fungu la robo tatu. Hapo maana kongwe ya nasib, iliyopotea katika nasibu, inarudi kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa nguo za Kibantu.

Pampu yenye fungu

Istilahi hizi si za darasani tu. Katika mpango wa Kenya RAPID, ulioanza mwaka 2015 na kuhusisha kaunti tano za kaskazini, Isiolo ikiwamo, vihisio viliwekwa kwenye visima vya mashine ili kuonyesha kama pampu inafanya kazi, na habari zake zilipelekwa kwa njia ya setilaiti. Katika nchi ambayo fundi anaweza kuwa safari ya siku nzima, kujua kwamba pampu imesimama ni kuokoa mifugo. Yafaa itazamwe kihisio kama hicho kinasema nini. Kinasema: inawaka, haiwaki. Pampu iliyofanya kazi saa 6 katika siku ya saa 24 ina fungu la robo, na fungu hilo ndiyo habari yenyewe. Kihisio hakikuundwa kwa nadharia ya Minnesota, lakini kinatoa namba ya aina ileile.

Tuseme visima viwili vinahudumia malisho mamoja, na kamati ya maji inataka kujua ni sehemu gani ya siku ambayo pampu zote mbili zinafanya kazi pamoja. Hapa mtu asiharakishe kuzidisha. Pampu za nguvu ya jua huwaka pamoja mchana na kuzimika pamoja usiku. Zamu zao ni sawa na zinaandamana. Ikiwa kila moja inawaka saa 6 zilezile za mchana, fungu la pamoja ni robo, si 1/16. Mzee anayejua kwamba makundi mawili yenye zamu moja ama hukutana daima au hayakutani kabisa ataligundua kosa la 1/16 kabla ya karani mwenye kikokotoo. Ikiwa ripoti imemwambia kwamba maji yake yanapimwa kwa "ukokotozi nasibu", ana haki ya kushuku kwamba kisima chake kimetiwa katika bahati nasibu. Na mashaka hayo yakishaingia katika kamati ya maji, hayatoki kwa maelezo ya pembeni mwa ukurasa.

Upande wa nishati nao unagusa huko. Isiolo ni miongoni mwa kaunti 14 zilizotiwa katika mradi wa serikali ya Kenya wa umeme wa jua kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2017. Kihisio kinachokaa peke yake porini kwa paneli ndogo na betri hakina nishati ya kupoteza katika kugeuza volteji kuwa biti na biti kuwa bahati. Saketi ya zamu, inayosoma volteji ilivyo na kuzidisha kwa transista sita, ni ya mahali pa namna hiyo, ijapokuwa hadi sasa sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika katika maabara na katika uigaji wa kompyuta.

Istilahi moja imebaki bila ufumbuzi wa kuridhisha, nayo ni ya zamu ambazo urefu wake hauna kigawo cha shirika isipokuwa 1. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi nchini Tanzania vimezoesha "kigawo kikubwa cha shirika", hivyo "zamu zisizoshirikiana" ingekuwa njia fupi. Ubaya wake ni kwamba kwa sikio la kawaida, na hasa la mtu wa kisimani, kutoshirikiana ni kosa la kijamii, ilhali kwa mhandisi ni sifa inayotafutwa. "Zamu tengano" haina aibu hiyo, lakini inaweza kudhaniwa kuwa ni zamu zisizokutana kamwe, yaani kinyume kabisa cha maana: zamu za 3 na 4 hukutana, tena kwa kila namna, mara moja katika kila siku kumi na mbili. "Zamu zinazopishana" ina dalili ya mwendo, na huenda ikafaa zaidi, ingawa barabarani magari yanayopishana hukutana mara moja tu na kila moja likaenda zake.